AFYA NYUMBANI: Dawa Inayoongozwa na Sumaku

Lori linalovuka mpaka wa Busia au Malaba huchukua hati zinazotaja mahali mzigo utakaposhushwa. Dawa nyingi hazina hati ya namna hiyo. Mgonjwa wa saratani akidungwa sindano mkononi, dawa husambaa na damu mwili mzima. Huushambulia uvimbe, lakini huudhuru pia uboho wa mifupa, tumbo na mashina ya nywele. Ndiyo sababu mgonjwa wa Tororo aliyekwenda kutibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, huweza kurejea kwa jamaa zake akitapika na nywele zikimnyonyoka.

Wataalamu wametafuta njia ya kuipa dawa hati yake, na mojawapo ni sumaku. Katika vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo, udongo wenye fosfeti una pia madini ya chuma yaitwayo magnetaiti, ambayo huvutwa na sumaku. Chuma cha aina hiyo hiyo hutengenezwa maabara kikawa chembe zenye upana wa nanomita 10 hivi. Na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizo hutiwa pamoja na dawa katika vifuko vidogo mno vya dutu inayoyeyuka mwilini, mfano wa ule uzi wa daktari usiohitaji kufumuliwa. Vifuko vikiisha kuingia katika damu, sumaku huwekwa juu ya ngozi penye uvimbe. Navyo hukusanyika hapo, huyeyuka polepole na kuiachilia dawa. Chuma kinachosalia, mwili huweza kukitumia kutengenezea damu.

Mwaka 1996 madaktari wa Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio la dawa ya saratani iliyofungamanishwa na chembe za sumaku, kwa wagonjwa 14. Hata hivyo, nguvu ya sumaku hupungua upesi kadiri umbali unavyozidi. Uvimbe uliojificha ndani ya mwili ni vigumu kuufikia. Kwa hiyo tiba hii haijawa ya kawaida hospitalini.

Basi anayeuza bangili ya sumaku sokoni, akidai kwamba huponya saratani, anauza bangili tu. Mama aonaye uvimbe katika titi, au askari mwenye kidonda kisichopona, asiingojee sumaku wala asizuiwe na haya. Na aende kituo cha afya mapema, uvimbe ungali mdogo.