Vidonge chini ya mkeka

UPEPO WA KUSI
Na Somoe Hamisi

Wiki iliyopita nilivuka kwenda Kilwa Kisiwani kumjulia hali mzee mmoja, jirani wa shangazi yangu. Nilimkuta barazani, miguu peku, kifua kinamkoroma. Baada ya shikamoo akanifungulia mfuko wa nailoni anaowekea dawa. Pampu ya pumu ilikwisha zamani. Vilivyobaki ni vidonge vidogo vyeupe vya prednisoloni, anavyonunua dukani kwa kuhesabiwa, vitano leo, kumi kesho, mwaka wa pili sasa.

"Na vile vya matende, babu, ulivimeza?"

Akacheka. "Mwanangu, vile vinaua nguvu. Nilivitia chini ya mkeka."

Vidonge hivyo ni ivermektini na albendazoli. Tanzania ilianza kuvigawa mwaka 2000 kisiwani Mafia, na sisi wa pwani ya Lindi tunavijua: mgawa dawa huja na fimbo, anakusimamisha, na urefu wako ndio unaosema umeze vingapi. Wanaolengwa ni minyoo wa matende na mabusha. Lakini ivermektini humwua na mnyoo mwingine, ambaye hata jina la Kiswahili hana. Wataalamu humwita strongiloidesi.

Huyu huingia kwa ngozi ya mguu uliokanyaga udongo wenye kinyesi, akaishia utumboni. Minyoo wengi wa tumbo huzeeka wakafa. Usipopata wapya, umepona. Mayai ya huyu huanguliwa humo humo, na baadhi ya watoto wake hutoboa utumbo wakaanza safari upya bila kuona jua. Askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani na kujengeshwa reli ya Burma miaka ya 1940 walikutwa bado wanaye zaidi ya miaka 30 baadaye, wako kwao kwenye baridi.

Kinga ikiwa imara, humtia adabu: mwasho kidogo, tumbo kidogo, pengine hata hivyo hakuna. Mpe mtu mwenye mnyoo huyu prednisoloni au deksamethasoni, dawa zinazoshusha kinga, kamba inakatika. Minyoo huzaana kupita kiasi, wakapanda mapafuni, wakaburuta bakteria wa utumboni mpaka kwenye damu. Mgonjwa anazidi kukosa pumzi, na kwa kuwa anajulikana ana pumu, anaongezewa dawa ile ile. Asipotambuliwa mapema, kwa kawaida hufa.

Wengi hudhani ukimwi ndio mlango mkuu wa balaa hili. Hasa ni hizi dawa. Ukimwi una kesi yake nyingine: utafiti wa Kyela uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet uliona wenye minyoo wa matende wakiambukizwa VVU kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasio nao. Kwa hiyo foleni ya CTC, kliniki ya wenye VVU, na foleni ya ile fimbo zilipaswa kujuana siku nyingi.

Utasema mzee apimwe choo kwanza. Apimwe, ila darubini ya kawaida mara nyingi humkosa mnyoo huyu, kwa sababu hutoka wachache, tena si kila siku. Ndiyo maana mwaka 2020, deksamethasoni ilipoanza kuokoa wagonjwa wa korona, madaktari wa Ulaya na Marekani walikumbushana kuwapa ivermektini mapema wagonjwa waliokulia nchi za joto. Kule wanauliza umekulia wapi. Sisi, ambao sote tumekulia hapa hapa, nani anatuuliza?

Nilimwomba mzee avuke hadi Kilwa Masoko amwone daktari, na mfuko wake wote mkononi. Nikamsihi asiache prednisoloni kwa ghafla, maana mtu ambaye mwili wake umeizoea akiikata siku moja anaweza kupoteza maisha. Wala asihangaike na ivermektini ya ng'ombe. Akakubali, kwa shingo upande. Tulipoinua mkeka, vidonge vya matende vilikuwa vimeshika unyevu na kugeuka unga.

Wauza dawa wa Masoko na Kivinje, nawaomba: akija mtu kuhesabiwa prednisoloni bila cheti, mrudisheni kwa daktari.