Beki Tatu Hachajiwi

Kuna mabishano ambayo hayaishi kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa rika langu, hasa wale waliokwishajenga. Roboti ya kufagia na kudeki, au dada wa kazi na tambara lake? Wanatumiana video: kitu cha duara, bapa kama mfuniko wa sufuria kubwa, kinazunguka sebuleni chenyewe huku mwenye nyumba akinywa chai. Mmoja anasema ustaarabu umefika. Mwingine anajibu kwamba hakuna kama deki ya mkono. Juzi wakanigeukia mimi: wewe mwandishi wa habari, hebu tuandikie ulinganisho wa haki.

Haya. Ila nasema mapema, haki yenyewe sitaigawa sawa kwa sawa.

Swahiba wangu mmoja wa Bunju ameagiza roboti ya daraja la juu. Kampuni siitaji, ugomvi wangu si na kampuni. Ina leza kichwani inayopima vyumba na kuchora ramani ya nyumba kwenye simu. Inafyonza vumbi, inadeki kwa vitambaa viwili vinavyozunguka, kisha inarudi yenyewe kituoni kwake kumwaga vumbi, kuoshwa vitambaa kwa maji ya moto na kuchajiwa. Jumamosi nikafunga safari kutoka Mbagala hadi Bunju, yaani jiji zima umelivuka, kwenda kuitazama.

Nikiri kwanza: inafyonza vizuri. Chini ya kitanda, mahali ambapo fagio la mtu aliyechoka huwa halifiki, ilitoka na vumbi la miezi. Kama ni mzee anayeishi peke yake na mgongo wake mbovu, au mtu ambaye vumbi linambana kifua, mimi sina neno. Anunue, na Mungu ampe umeme.

Lakini nilikaa pale saa nne, na baada ya nusu saa ya kwanza sikuwa natazama mashine tena. Nilikuwa namtazama dada.

Kabla haijawashwa, alinyanyua stuli sita akazipanga juu ya meza. Akaokota waya za chaja. Akakunja mkeka, maana nyuzi za pembeni huingia kwenye brashi na kuikaba. Akayafunga mapazia fundo. Akaokota vidoli vya watoto, akatoa ndala mlangoni. Mashine ikaanza kazi, wote tukaipigia makofi. Haukupita muda ikakwama kwenye kizingiti cha jikoni. Nyumba zetu mnazijua, fundi hujenga anavyojisikia: jiko limeinuka kidogo, choo kimeshuka kidogo, veranda ina ngazi mbili. Roboti ya swahiba inapanda kizingiti kifupi, lakini ikikuta ngazi inageuka kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Dada akaibeba mikononi kama mtoto, akaipeleka veranda. Ilipomaliza veranda akaibeba tena kuirudisha ndani.

Halafu maji. Kisima chao kina chumvi, kama visima vingi vya Dar, na maji ya chumvi yanaacha magadi kwenye vitundu vya mashine. Kwa hiyo roboti inadekia maji ya boza. Dada anayachota kwenye tenki lile lile la maji ya kupikia, anajaza tanki la mashine, na jioni anamwaga maji machafu na kusugua trei ya kituo kwa mswaki mkuukuu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inarudi kituoni kuomba chaji ambayo haipo, na nusu ya sebule inabaki. Nani anaimalizia? Kwa tambara.

Nikamuuliza, "Dada, hii inakusaidia?"

Akacheka, akaangalia kwanza bosi yuko wapi. "Inasaidia kaka. Ila zamani nilikuwa nadeki tu. Siku hizi naandaa, ndiyo idekiwe."

Jina lake nalijua. Siliandiki kwa sababu sikumwomba ruhusa. Lakini ilibidi niulize mara mbili ndipo nilijue, maana ndani ya nyumba ile hata watoto wanamwita dada tu, na swahiba wangu akiwa kwenye kundi letu anamwita beki tatu. Mnacheka, najua. Beki tatu: mchezaji wa nyuma, pembeni, ambaye jukwaa linamkumbuka pale tu anapokosea.

Sasa hesabu. Roboti za daraja hili huuzwa zaidi ya dola 1,000. Tuseme shilingi milioni 2.5, bila gharama za kuiingiza nchini. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Julai 2013 ilimpa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri shilingi 40,000 kwa mwezi, na ikakaa hivyo miaka tisa na nusu. Amri iliyofuata, ya Januari 2023, ikafanya 60,000. Gawa milioni 2.5 kwa 60,000. Unapata mishahara ya miezi arobaini na moja, na chenji inabaki. Miaka mitatu na miezi mitano ya binti wa watu kuamka alfajiri, imelipwa siku moja kwa kitu kisichoweza kupanda ngazi ya veranda.

Mtaniambia mtu ana haki ya kununua anachotaka kwa hela yake. Kweli. Mimi ninachokataa ni kauli ninayoisikia katika nyumba hizi hizi, kwamba "mshahara wa dada hatuwezi kuupandisha, hali ngumu". Hali si ngumu. Hali ina leza kichwani.

Na sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa Geneva Juni 2011, unasema hivyo hivyo kuhusu hizo saa 24. Hebu kila anayesoma hapa ahesabu saa za dada wa nyumbani kwake, kuanzia geti la kwanza asubuhi hadi sahani ya mwisho usiku. Mashine ndiyo imepata hizo haki. Betri ikishuka inaacha kazi bila kuomba ruhusa, inakwenda kituoni kwake kupumzika, na hakuna anayeiita mvivu. Simu inamwarifu bosi kwa adabu kabisa: nachaji. Dada akikaa kitako dakika kumi saa nane mchana, anaulizwa amemaliza kazi zote?

Wapenzi wa tambara nao wasishangilie. Sentensi "hakuna kama deki ya mkono" mara nyingi hutoka kwa mtu aliyeinua miguu kwenye kochi ili apishwe. Mimi mwenyewe nilikuwa sijadeki tangu enzi za zamu shuleni, miaka karibu ishirini. Niliporudi Mbagala nikajipa adhabu: Jumamosi nne mfululizo, vyumba viwili, sebule na kibaraza.

Jumamosi ya kwanza nilideki kabla sijafagia vizuri. Nikapata uji wa mchanga, maana mchanga wa Dar unaingia ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Ya pili niliweka sabuni nyingi, sakafu ikakauka na michirizi kama shati lililopigwa pasi na mlevi. Mke wangu akasimama mlangoni, akasema kwa upole, "Umeruka kona." Kufika ya tatu nilikuwa nimejua kidogo: tambara likamuliwe mpaka lisidondoshe, uanzie kona ya mbali, urudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, maji yabadilishwe kila chumba. Kumbe ni ujuzi. Una mpangilio wake na una jicho lake, na sikuwahi kusikia mtu akiuita ujuzi. Nilitumia kama dakika hamsini hivi. Kuinuka baada ya hapo ilibidi nishike ukuta, na mimi nilikuwa na Jumapili ya kulala.

Sasa kuna kitu kinaitwa dekio. La mpini mrefu, unadeki umesimama. Linauzwa mpaka barabarani, bei yake mfanyakazi wa ofisini anaimaliza kwa chakula cha mchana na nauli. Kwenye nyumba ya Bunju halipo. Nilimuuliza dada kwa nini. Akasema mama anaona haling'arishi kama tambara.

Hapo ndipo ulinganisho wenu uliponivunjikia mkononi. Nyumba ina kifaa cha milioni 2.5 na ina tambara la fulana iliyochanika, lakini cha katikati, kile kidogo ambacho kingemwinua yule binti kutoka magotini, hakikupita akilini mwa mtu. Mashine ilinunuliwa kwa ajili ya sakafu. Mgongo wa dada haukuwa kwenye orodha ya manunuzi.

Nyie wasomaji wa vitabu mtapenda kujua kwamba neno lenyewe, roboti, lilizaliwa kwenye tamthilia. Karel Čapek, Mcheki, alichapisha *R.U.R.* mwaka 1920, na mwaka uliofuata ikachezwa Prague. Neno alipewa na kaka yake, Josef, kutokana na *robota*: kazi ya shuruti ambayo mkulima mtwana alilazimika kumfanyia bwana mwenye ardhi. Roboti wa Čapek hawakuwa mabati. Walikuwa viumbe vinavyofanana na watu, vimetengenezwa kiwandani ili vitumike, na mwishowe viliasi. Neno halikuanza na umeme, lilianza na mtu aliyeinama.

Na sisi la kwetu tulikuwa nalo zamani sana. Mjakazi. Shafi Adam Shafi alipoandika *Kasri ya Mwinyi Fuad*, iliyotoka mwaka 1978, mtumishi wa kasri alimpa jina Kijakazi. Hadhi imekuwa ndiyo jina. Nilipoisoma sekondari niliona ni riwaya ya wakoloni na mabwanyenye wa Unguja, mambo yaliyopita. Nilikuwa naisomea kwenye meza iliyofutwa na dada, na jina la yule dada sikumbuki. Nimejaribu wiki nzima hii. Silikumbuki.

Hata hiyo roboti ina watumishi wake nyuma ya pazia. Desemba 2022 jarida la *MIT Technology Review* lilichapisha habari kuhusu picha zilizopigwa na roboti za majaribio za kampuni ya iRobot, mojawapo ikimwonyesha mwanamke akiwa chooni. Picha zilikuwa zimetumwa kwa vibarua wa mtandaoni, ambao kazi yao ni kuiwekea alama kila picha ili mashine ijifunze hiki ni kiti, hiki ni kiatu. Baadhi ya vibarua, wakiwa Venezuela, waliziweka kwenye makundi yao. Kampuni ilijitetea kwamba waliopigwa picha walikuwa wamekubali kwa maandishi. Sawa. Mimi nimebaki na wale vibarua. Mtu fulani mbali huko alilipwa kiduchu kuifundisha mashine kutambua ndala, na Bunju dada anaiondolea ndala hizo hizo njiani.

Waandishi wetu nao siwaachi. Soma hadithi zinazotoka sasa kuhusu Dar ya watu wenye geti. Msichana anafungua geti, analeta juisi, anatoka. Akirudi, ama ametongozwa na baba ama ameiba. Mwaka 2025 Abdulrazak Gurnah alitoa *Theft*, ambamo kijana mtumishi wa nyumba moja ya Dar, Badar, anatuhumiwa wizi, na riwaya inakaa naye kama mtu mwenye fikra zake. Imeandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, lugha ambayo dada anaongea jikoni kila siku, tunamwandikia mistari miwili na sinia.

Nilimtumia swahiba hesabu ya miezi arobaini na moja, pamoja na picha ya dekio. Akajibu kwa vikatuni vitatu vya kucheka. Kesho yake akanitafuta mwenyewe: mashine inaandika kosa la tanki, je, nafahamu fundi yeyote? Nikamwuliza dada anasemaje, maana ndiye anayelijaza hilo tanki. Akasema hajamuuliza, yuko nje anafua.