Bwawa la moto Mombasa: mashine ya nini?
Jamani, Mombasa mwezi wa Machi bwawa la kuogelea hugeuka supu. Mwenye nyumba mmoja wa Nyali alitaka nimwandikie programu ya kuendesha mashine ya kupoza maji. Nilikataa. Mzee, weka kivuli kwanza, joto hilo sehemu kubwa ni la jua! Usiku rusha maji hewani kwa pampu uliyo nayo: lita 1 ikiwa mvuke hupoza lita 580 hivi kwa nyuzi 1. Ila hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwingi, na maji hayo hayatashuka chini ya kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Basi programu niliyomwandikia husoma kipimajoto hicho na bwawa. Tofauti ikiisha, pampu inazimwa. Sasa anabishania bei yangu, si stima.