Ndau Wapewe Hesabu ya Kazi Zao

Wasomaji wetu, wengi wenu mkiwa watu wa bara, mtatuwia radhi tukiwachukua safari hii hadi kisiwani Ndau, ng'ambo ya Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Hatuendi kutembea. Swali lililotuunganisha tangu siku za kudai vyama vingi, yaani ni nani mwenye serikali, huko linaulizwa juu ya mambo yanayoonekana kwa macho: ukuta wa bahari, djabia la maji, zahanati, mahali pa kushukia abiria. Mwananchi wa Ndau anataka kujua kazi imefika wapi, imegharimu kiasi gani na itakwisha lini. Sisi tunashikilia kwamba jibu la swali hilo ni mali yake, na kwamba anastahili kulipata kwa maandishi, kwa Kiswahili, na mapema kiasi cha kumfaa.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayomwamsha mama alfajiri. Visiwa vya Lamu havina mito. Visima vingi huingiwa na chumvi, na kwa hiyo watu hutegemea mvua inayokingwa katika djabia: sakafu pana ya saruji inayoteremka kuelekea tangi lililochimbwa ardhini. Kifaa hiki ni rahisi, nacho kimewaokoa watu wengi, lakini kina sharti moja. Kikipasuka sakafu au tangi likivuja, ni lazima kitengenezwe kabla ya masika. Mvua ya Aprili na Mei ikipita juu ya djabia bovu, maji hayo yameingia mchangani, na kosa la wiki chache litanywewa kwa mwaka mzima, hasa wakati wa kaskazi, jua linapokausha kila kitu. Basi mkazi anapouliza iwapo fundi atafika Februari au Julai, haulizi kwa udadisi. Akijua mapema kwamba fundi hatafika, atajipanga na wenzake wazibe nyufa kwa mifuko michache ya saruji. Asipoambiwa, atakaa akingoja.

Ukuta wa bahari nao una hadithi yake. Ukuta wa Ndau umo katika orodha ya miradi ya idara ya kazi za umma ya serikali kuu, na haja yake haihitaji mtaalamu kuieleza: bahari hula ufuo, na nyumba ziko karibu. Hatusemi kwamba ukuta huo ni mbovu, wala hatuna nia ya kumtuhumu mtu. Tunasema kwamba ukuta wa aina hiyo haukaguliwi kwa siku moja. Mawimbi hayauangushi kwa kuusukuma tu. Huanza kwa kufukua mchanga chini ya mguu wake, na maji yanayonaswa nyuma yake hutafuta njia ya kutokea. Mkaguzi akifika wakati wa maji mafu, atauona umesimama vizuri, atatia sahihi na kupanda boti yake. Mzee mvuvi anayeishi hapo ndiye anayeuona wakati wa bamvua, na ndiye aonaye tofauti ya kusi na kaskazi. Elimu yake ni sehemu ya ukaguzi, ila hawezi kuitumia kama hajui mkataba ulimtaka mkandarasi ajenge urefu gani, na msingi uende chini kiasi gani.

Hapa tunaomba wasomaji watuvumilie, maana tumefika penye kiini cha jambo, na si wengi wanaoelezwa. Mkandarasi wa kazi ya umma kwa kawaida halipwi fedha zote kwa mkupuo mmoja. Kazi hupimwa, cheti cha malipo hutolewa, naye hulipwa kwa kadiri ya kilichopimwa. Katika kila malipo sehemu huzuiliwa, na fedha hizo zilizozuiliwa hazitolewi zote mpaka kipite kipindi cha kurekebisha kasoro baada ya kazi kukabidhiwa. Katika kipindi hicho mwananchi ana nguvu kwelikweli. Akisema ufa umetokea, mkandarasi anaweza kurudishwa autengeneze kwa gharama yake, kwa kuwa fedha yake bado imeshikwa. Kipindi kikiisha na fedha zikitolewa, ufa uleule utahitaji bajeti mpya, na bajeti mpya huchukua miaka. Kwa hiyo tarehe ya kukabidhiwa kazi na tarehe ya kumalizika kwa kipindi cha kasoro ni habari zenye thamani kubwa kuliko hotuba zote za siku ya uzinduzi. Ni mara ngapi mmeona tarehe hizo zimebandikwa ukutani kijijini?

Kuna tatizo jingine, la mifuko mingi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti zahanati, huduma za maji, na kazi za umma za kaunti. Shule za msingi na za sekondari zilibaki kwa serikali kuu. Ukuta wa bahari ukajengwa kwa fungu la serikali kuu. Juu ya hayo kumekuwapo na mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ulioanzishwa mwaka 2003, na wafadhili wa namna nyingi. Anayekaa Nairobi huona hayo ni mgawanyo mzuri wa madaraka. Anayekaa Ndau huona maofisa wanne wanaoelekezana vidole. Akienda kwa afisa wa kaunti kuuliza juu ya ukuta, huambiwa si wetu. Akirudi kuuliza juu ya djabia, afisa wa serikali kuu humwambia vivyo hivyo. Nauli ya boti amelipa mara mbili. Dawa ya jambo hili si ngumu: karatasi moja kwa kila mradi, iseme ni wa nani, fedha zimetoka wapi, mkandarasi ni nani, na afisa gani anauwajibikia.

Wengine watatukumbusha kwamba watu wa Ndau huitwa barazani na kuelezwa. Tunalijua baraza. Tulilijua tangu enzi za chama kimoja, wakati chifu alipoita watu na watu wakaja kwa kuwa hawakuwa na hiari. Tangu mwaka 1983 serikali ilipotangaza kwamba wilaya ndiyo kitovu cha maendeleo, kamati za maendeleo ziliongozwa na mkuu wa wilaya, mtu aliyeteuliwa na Rais na asiyeweza kuondolewa na kura ya mwananchi yeyote. Mwaka 1988 hata kura yenyewe ilipigwa kwa mlolongo. Kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi Desemba 1991, wako waliodhani kazi imekwisha. Kumbe vyama vingi vilikuwa mlango tu. Nyumba yenyewe ilikuwa bado. Baraza lilibaki na tabia yake ya zamani: mmoja husema, wengine hupiga makofi, na hakuna anayerudi nyumbani na maandishi mkononi. Mwaka unaofuata, afisa mwingine huja na tarakimu nyingine, naye mwananchi hana cha kumwonyesha.

Kaunti ya Lamu yenyewe imetoa fundisho juu ya mikutano ya namna hiyo. Septemba 2016 kulitolewa leseni ya mazingira kwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, cha megawati 1,050. Mikutano ilikuwa imefanyika. Watu wa Lamu walipinga, na mnamo Juni 2019 Baraza la Rufani la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba kuwakusanya watu kabla ya utafiti kukamilika hakukutosha. Walistahili kupewa matokeo ya utafiti wenyewe, wayaelewe, ndipo waseme. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa mradi wa mabilioni, hatuoni kwa nini isiwe hivyo kwa djabia la kijiji.

Tuwe waadilifu kwa maofisa. Kusafirisha saruji, kokoto na nondo kwa chombo hadi Ndau ni gharama. Mkanda wa kupita kuelekea Pate hungoja maji yajae, na wakati wa kusi bahari haimsikilizi mtu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu imeishi na amri za kutotoka usiku na hofu ambayo msomaji wa Nyeri au Kisii hawezi kuipima. Mkandarasi anaweza kuchelewa kwa sababu za kweli. Lakini kuchelewa kwa sababu ya kweli ndiko hasa kunakopaswa kuandikwa na kutangazwa, maana ukimya humfanya mwenye sababu afanane na mwizi. Nao wanaosema taarifa zimewekwa kwenye tovuti tunawauliza zimewekwa kwa lugha gani, na ni nani kisiwani atakayezisoma. Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka hazina ya kaunti itoe na kutangaza taarifa ya kila robo mwaka, kabla ya mwezi mmoja kupita baada ya robo hiyo kuisha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeweka siku 21 za kujibiwa, na inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika asaidiwe na afisa wa habari mwenyewe, na maneno yake yatiwe katika maandishi. Kuomba hakutozwi ada.

Waumini wa makanisa wanaotusoma wasidhani haya ni ya Waislamu wa kisiwani peke yao. Desemba 1999, pale Ufungamano, Wakristo, Waislamu na Wahindu waliketi meza moja kudai Katiba iandikwe na wananchi. Someni tena Nehemia sura ya tatu, ile ambayo wengi huiruka kwa kuwa ni orodha ya majina: kila sehemu ya ukuta wa Yerusalemu imeandikwa pamoja na jina la aliyeijenga. Ndugu zetu wa Ndau nao wanayo aya ndefu ya Suratul Baqara inayoagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo. Parokia na sharika za Mpeketoni, Hindi na Witu zina makatibu, zina mashine za kunakili, na ziko upande wa bara ambako ofisi zinafikika kwa barabara. Msikiti wa Ndau una watu wanaojua mradi gani umesimama na tangu lini. Viwili hivyo vikikutana, barua inakuwa tayari.

Barua hiyo iwe ya ukurasa mmoja, na kila mradi uwe na barua yake. Iulize jina la mkandarasi, jumla ya mkataba, kiasi kilicholipwa hadi sasa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukabidhi, na siku kipindi cha kasoro kinapokwisha. Anayeipeleka adai mhuri wa kupokelewa katika nakala yake, kwa kuwa siku 21 zitahesabiwa kutoka hapo. Akinyimwa, au akipewa jibu lisilojibu, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Nakala yenye mhuri isibaki Mokowe wala kwetu sisi. Irudishwe Ndau, na itunzwe na watu wawili wasioishi nyumba moja.