Mashine ya kufulia huchaguliwa bombani, si dukani

Na Rehema Kilua

Pita Kariakoo kwenye maduka ya vyombo vya umeme uone mashine za kufulia zinavyopangwa. Mbele kabisa, kwenye mwanga mzuri, zimewekwa za mlango wa mbele, zenye kioo cha duara na vitufe vinavyowaka. Nyuma yake ziko za kufungulia juu. Zile za matundu mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, zimebanwa ukutani pamoja na mafeni. Ukiulizia hiyo ya ukutani, muuzaji atakujibu: "Hiyo ya kizamani, dada yangu. Chukua otomatiki upumzike."

Hajakudanganya. Ila hajakuuliza nyumbani kwako maji yanafikaje.

Mashine ya mlango wa mbele hukaa inasubiri bomba liijaze, na nyingi zinataka presha isiyopungua bar 0.5. Maji ya tenki hupata presha kutokana na kimo chake tu: kila mita moja inakupa kama bar 0.1. Sasa piga hesabu ya simtanki la lita 1,000 lililokaa juu ya mnara wa mita tatu huko Goba au Mbagala. Unapata bar 0.3, na hapo hujatoa kimo cha koki yenyewe kutoka chini. Mashine itavuta maji kidogo kidogo, itachoka kusubiri, italia na kuandika kosa kwenye kioo. Ataitwa fundi. Atachomoa mpira, atasafisha kichujio, atapokea chake, na kesho yake itaandika vilevile. Mashine haina ubovu wowote. Inachotaka ni pampu ya kusukuma maji, ambayo haikuwamo kwenye bei uliyotajiwa.

Hiyo ni siku ambayo tenki lina maji. Sisi wa Dar es Salaam hatujasahau Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA wakatoa ratiba ya mgao. Wala hatujasahau mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha Februari 2024. Umeme ukikatika katikati ya kazi, nguo zako ziko ndani, maji yako ndani, na mlango umejifunga. Utapiga magoti kutafuta kifuniko kidogo cha chini umwage yale maji kwa sahani, kikombe kwa kikombe.

Nisionekane naichukia. Mwenye maji ya uhakika, pampu na nyumba yake mwenyewe, hiyo ndiyo ya kununua. Kwa mzigo wa kilo saba inatumia kama lita 50, wakati ya kufungulia juu inaweza kupita lita 100 bila aibu. Haichakazi kanga, na inakamua mpaka shuka inatoka karibu kavu. Ninaloomba tu ni uizoee ile programu ya maji baridi. Kuchemsha maji ndiko kunakokula umeme: kufua kwa nyuzi 60 kunaweza kumaliza uniti nzima, kwa maji baridi ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Aliye kwenye kundi la LUKU la uniti 75 kwa mwezi anajua uzito wa uniti moja. Halafu maji yetu ya visima, yenye chumvi, huganda kwenye hita kila yanapochemshwa. Na sabuni iwe ya mashine. Ile ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu mpaka mashine inasimama.

Ya kufungulia juu nitaipita haraka. Ni ya katikati kwa kila kitu isipokuwa maji, ambayo inayanywa kuliko zote. Faida yake ni kwamba bomba likikauka unaweza kumimina kwa ndoo, na soksi iliyosahaulika unairusha ndani kazi ikiendelea.

Sasa turudi kwenye hii iliyobanwa ukutani. Bei yake mara nyingi ni nusu ya ile ya mlango wa mbele, pengine chini ya hapo. Haijali presha; maji ya boza, ya dumu, ya mvua, yote kwake ni sawa. Swichi zake ni za kuzungusha, kwa hiyo umeme unaopanda na kushuka hauna kompyuta ya kuunguza, na ikigoma, fundi wa mtaani anabadilisha mkanda au kapasita mchana huohuo.

Lakini uzuri wake hasa uko kwenye maji ya sabuni. Unaanza na kanzu na mashuka meupe. Unayatoa, na maji yaleyale unatia nguo za rangi. Yakifuata mashati ya shule, yakamalizia matambara ya deki, maji yamefanya kazi nne. Ya mwisho unayakinga kwa ndoo kwenye mpira wa kutolea, yanaenda kusafisha choo. Mashine ya kioo cha duara huyamwaga yote baada ya zamu moja. Kwa nyumba inayonunua maji ya boza, hilo si jambo dogo.

Halafu wengi wetu ni wapangaji. Ya mlango wa mbele ina zege ndani ili isiruke inapokamua, na nyingi zinapita kilo 60. Mwenye nyumba akipandisha kodi, utaipakia kwenye kirikuu na vijana wanne. Ya matundu mawili hubebwa na wawili wanaopiga soga.

Kuna hoja moja dhidi yangu, nayo ni nzito. Mashine hii inataka mtu asimame nayo: ahamishe nguo mbichi kutoka tundu hili kwenda lile, asuuze, akamue. Mtu huyo mara nyingi ni mama au dada wa kazi, na mara chache sana ni baba aliyelipia. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayefua nguo za watu wanane, na maji yapo, msibane hela: nunueni otomatiki ampunguzie mzigo. Mume anayechagua ya bei nafuu kwa sababu yeye hafui, huyo simtetei.

Kwa hiyo kabla hujaenda Kariakoo, weka ndoo ya lita 20 chini ya koki ambapo mashine itakaa, fungua mpaka mwisho, angalia saa. Baadhi ya watengenezaji wanataka bomba litoe walau lita 8 kwa dakika. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika mbili na nusu kujaa, na pampu huna hela ya kuinunua, chukua ile ya ukutani. Chenji itakayobaki ongeza simtanki la pili.