TAHARIRI: TUSIVIKE UBAO MBOVU KITAMBAA KIPYA

Ndugu wanaushirika, na ndugu wanakijiji wote wa Mpapura.

Wengi wenu mmeshasikia kwamba Jumamosi asubuhi tunakutana kuamua habari ya mashua yetu iliyoko Mikindani. Kamati imeleta ombi la fedha za kununua sponji mpya na ngozi ya plastiki, rangi nyekundu, ya kuvika viti vyote 6. Gazeti letu hili la ukutani lina maoni yake. Tunayatoa mapema ili kila mtu ayasome, na asiyejua kusoma asomewe, kabla mikono haijanyooshwa.

Maoni yetu ni haya: tusitoe hata senti moja ya kitambaa mpaka ubao ulio chini ya kitambaa utengenezwe.

Sisi watu wa Mpapura ni watu wa mikorosho na mihogo. Bahari tunaifuata kwa barabara. Ndiyo maana mashua tunaitazama kama sebule: tukiona kiti kimechanika tunasema kishonwe, basi. Mtu wa pwani haanzi hapo. Ukimpa chombo akikague, anainama, anafunua mbao za chini, anatazama ngama na kunusa. Ngama ikinuka uvundo anajua chombo hicho hakitunzwi, hata kama nje kimepakwa rangi ya kung'aa.

Wiki iliyopita tulikwenda watu 4 tukafanya hivyo hivyo. Tuliyoyaona tunawaeleza bila kuficha. Sponji ya viti vya upande wa kulia ukiiminya inatoka maji. Chini yake ubao umelainika, kisu kinaingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Misumari ni ya chuma, imeliwa na kutu, na kila penye kutu mti umekuwa mweusi. Mvunguni mwa viti, mahali pa kuwekea maboya ya kuvaa, tulikuta nyavu mbovu, magamba ya samaki na kiota cha panya. Maboya 2 yametafunwa.

Wapo wanaosema kiti ni starehe tu, mbona baba zetu walisafiri juu ya majamvi na wakafika? Ni kweli walifika. Lakini jamvi likilowa lilikunjwa, likaanikwa juani, likarudi kavu. Sponji yetu tumeipigilia misumari. Ikishakunywa maji haina pa kuyatolea, inayashusha kwenye ubao siku zote. Baba zetu walikaa juu ya jamvi, lakini chini ya jamvi palikuwa na ubao mzima.

Tena hili siyo jambo la starehe. Mkumbuke masika yaliyopita, siku ile mashua inarudi Mikindani na mvua imenyesha usiku kucha. Viti vya kulia vilikuwa chapachapa. Abiria, kama binadamu wote, wakahamia kushoto kwenye pakavu. Mashua ikalala upande. Mama mmoja akapoteza ndoo yake ya dagaa, na nahodha akapiga kelele mpaka watu wakarudi kukalia maji. Tulipofika tulicheka. Jamani, hatukuwa na haki ya kucheka.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kwenye Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa kufika gati la Ukara. Kivuko kile kilitengenezwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hatusemi kilipinduka kwa sababu ya viti. Tunasema maji hayajali kwamba nchi kavu unaiona. Yanachojali ni uzito kiasi gani umepanda na umekaa wapi. Kwetu sisi, kiti kibovu ndicho kinachoamua watu wakae wapi.

Hapa mwandishi lazima ajikosoe. Sponji iliyooza ilinunuliwa kwa sahihi yangu mimi Katibu. Daftari lipo, ukurasa upo, atakaye aje aone. Mara 2 tumebadilisha sponji, na mara zote 2 tumeiweka juu ya ubao ule ule. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani mwalimu alituambia: hesabu isipotoka, usibadilishe kalamu, rudia hesabu. Mie nilibadilisha kalamu. Sitaki tufanye hivyo mara ya 3.

Basi tufanyeje? Tumekaa na mafundi wa mashua, na haya ndiyo tunayopendekeza.

Kwanza, bamvua lijalo mashua ipandishwe mchangani. Viti vyote vitolewe, maji ya ngama yafuliwe, ndani kusuguliwe kwa brashi na maji ya bahari, halafu paachwe wazi pakauke. Fundi apitie mataruma moja moja na kutia kalafati penye nyufa. Kazi hii iishe kabla ya mvua za Desemba. Wengi tunadhani maji ya chumvi ndiyo yanaozesha mbao. Siyo. Chumvi huzuia ukungu unaokula mti. Maji ya mvua yakituama ndani ndiyo yanayouotesha. Kwa hiyo mashua ikilala, ifunikwe turubai lililoinuliwa katikati ili upepo upite chini yake, na mvua ikiisha maji yafuliwe siku ile ile.

Pili, ubao uliooza ukatwe mpaka kwenye mti mzima. Ubao mpya upakwe mafuta au rangi pande zote, na hasa upande wa chini usioonekana, na ncha zake zisisahauliwe, maana mti hunywa maji zaidi kwenye ncha. Utobolewe matundu ili maji yapite. Misumari iwe ya shaba au iliyopakwa zinki.

Tatu, mito ya viti isipigiliwe misumari tena. Ifungwe kwa kamba, na kila jioni ifunguliwe ianikwe. Hiyo ndiyo akili ya jamvi la baba zetu, hatukuhitaji kwenda mbali kuitafuta.

Nne, kabla ya kununua sponji tutazame tulichonacho. Misufi ipo, na kiangazi hiki mapakacha yanajaa sufi bure. Sufi ni nyepesi, hailowi upesi na inaelea. Zamani, kabla ya maboya ya plastiki, mabaharia wa nchi nyingi walivaa maboya yaliyojazwa sufi. Chini ya sufi tuweke usumba wa makumbi ya nazi, ambao unapitisha maji na hauozi haraka. Lakini tuelewane mambo mawili. Sufi inashika moto upesi mno, kwa hiyo kiti cha karibu na mashine na dumu la petroli kibaki ubao mtupu. Na mto wa sufi siyo boya la kuokolea maisha. Maboya yaliyotafunwa yanunuliwe mapya, na fedha ya sponji ianzie hapo.

Tano, kitambaa kiwe turubai. Kishonwe kwa uzi wa nailoni, maana uzi wa pamba huoza kabla ya kitambaa. Mshono uwe ubavuni, usiwe juu pale maji yanapokaa. Mafundi wa kutoka mjini hatuwahitaji. Kila nyumba yenye korosho ina shazia ya kushonea magunia, na akina mama zetu wanaijua kuliko fundi yeyote.

Sita, na hili ndilo kubwa, iwepo zamu. Mvungu wa viti ni wa maboya tu. Samaki wasipasuliwe juu ya viti. Kila jioni mwenye zamu afue maji, aanike mito, ahesabu maboya, atie sahihi kwenye daftari. Mali ya wote isipokuwa na zamu inakuwa mali ya panya.

Tunajua ngozi nyekundu inapendeza. Tunajua pia kuna wanaoona haya kwamba mashua ya ushirika itaonekana ya kimaskini ikiwa na mito ya turubai. Ndugu zangu, aibu siyo turubai. Aibu ni mama mjamzito kuambiwa akae kwenye maji, au mtoto kuvishwa boya lililotafunwa na panya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hakuna pa kujengea ukuta.

Jumamosi kila mwanachama afike, na mwenye mawazo tofauti na haya ayaseme mbele ya watu, asiyapeleke kilabuni. Karatasi na kalamu zipo ofisini. Anayetaka kutujibu aandike, na jibu lake litabandikwa hapa hapa pembeni ya tahariri hii.

Chombo ni chetu sote. Tuanze na ubao.

Katibu
Mpapura