Usitamani Lami Yao, Tamani Orodha Yao

Kama wewe ni Mkenya na uko TikTok, lazima hizi klipu zimekupitia. Dereva wa trela, Mkenya mwenzetu, yuko katikati ya Marekani, simu ameiweka kwa dashibodi. Mbele yake barabara imenyooka kama rula, mahindi kushoto, mahindi kulia, hakuna bampi, hakuna shimo. Ukishuka kwa komenti ni kilio tu. Ati sisi tumelaaniwa, ati tutafika huko wajukuu wetu wakiwa wazee.

Hao madereva sina shida nao, wanatafuta riziki na wanatuonyesha dunia. Shida yangu ni kwamba hizo komenti zinaongea ni kama hiyo barabara ilishuka na mvua. So nikaacha kuskroli, nikaanza kusoma. (Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Hivyo ni vitu viwili tofauti.) Nikachagua barabara moja tu nielewe ilitoka wapi: US 20, kile kipande kinachokata jimbo la Iowa.

Wacha nikupe picha ya Iowa kwanza. Ni jimbo la wakulima. Lina watu milioni 3 na kitu, na nguruwe zaidi ya milioni 20. Umesoma vizuri, nguruwe ni wengi kuliko watu karibu mara saba. Linaongoza Marekani kwa mahindi, nguruwe na mayai. Sisi tuna kaunti 47, wao jimbo moja tu lina kaunti 99, nyingi zikiwa na vijiji vidogo na maghala ya nafaka. Na usidhani ni Wazungu peke yao. Miji kama Waterloo, Cedar Rapids na Des Moines ina familia nyingi za Wakongomani, na Kiswahili kinaongewa huko. Wengine wanafanya kazi kwa viwanda vya nyama. Waterloo iko kwa hii hii US 20. Kwa hivyo hii si stori ya watu wa mbali kabisa.

Sasa, US 20 inaingia Iowa upande wa magharibi pale Sioux City, inatoka mashariki pale Dubuque kwa mto Mississippi. Ni kama maili 300 hivi, yaani karibu kilomita 480, sawa na kutoka Nairobi hadi Mombasa. Mipango ya kuifanya iwe na njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, ilianza zamani sana. Kipande cha mwisho, kati ya Moville na Early, kilifunguliwa Oktoba 2018.

Unajua ilichukua muda gani kutoka mwanzo hadi hapo? Zaidi ya nusu karne.

Rudia hiyo polepole. Nchi tajiri kuliko zote duniani, jimbo tambarare lisilo na milima ya kusumbua, barabara moja, na bado kuna watu walizaliwa wakiambiwa inakuja, wakaoa, wakapata watoto, wakastaafu, ndio ikamalizika. Kwa hivyo hii hadithi ya "wenzetu wanajenga haraka" tuizike leo. Barabara za mashambani zinaenda polepole kila mahali, juu magari ni machache na kura ni chache. Pesa ikipatikana, mji mkubwa ndio hukula kwanza.

Basi kama si kasi, ni nini waliyo nayo? Mimi nimeona vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mafuta ya petroli chini ya ardhi.

Cha kwanza ni orodha. Iowa kuna kamisheni ya uchukuzi ya watu 7. Kila mwaka inapitisha mpango wa miaka 5 unaoonyesha barabara gani itajengwa, kipande gani, mwaka gani, kwa pesa ngapi. Mpango uko wazi kwa kila mtu. Mkulima anaweza kuufungua akaona kama barabara inayopita kwake iko ndani ama haiko. Kama haiko, anajua mlango wa kubisha ni upi. Na watu walibisha kweli. Viongozi wa miji na wafanyabiashara walio kando ya US 20 waliunda chama chao, kazi yake moja tu: kusumbua hadi barabara iishe. Hawakusumbua msimu wa kura peke yake, walisumbua miaka nenda miaka rudi.

Hapo ndipo kuna siri. Orodha ikiwa wazi, mwanasiasa hawezi kukuuzia barabara moja mara tatu. Akisema "nitawaletea lami", unamuuliza tu: iko mwaka gani kwa mpango? Akianza kuzunguka, ushajua.

Cha pili ni pesa iliyofungwa kamba. Tangu 1942, katiba ya Iowa inasema kodi ya mafuta na ada za kusajili magari ni za barabara tu. Hazilipi mishahara ya ofisi zingine wala haziendi kuziba mashimo ya bajeti mahali pengine. Mwaka wa 2015 jimbo likaona pesa haitoshi, juu kodi ya mafuta ilikuwa haijapandishwa tangu 1989. Wakaongeza senti 10 kwa kila galoni. Gavana Terry Branstad akatia sahihi mwisho wa Februari, na Machi mosi ikaanza kukatwa. Kura haikuwa ya chama kimoja. Vyama vyote viwili vilikuwa na waliokubali na waliokataa, na kulikuwa na kelele, hakuna mtu hupenda kulipa zaidi kwa pampu. Lakini hiyo pesa ndiyo ilisaidia kuvuta ule mwisho wa US 20, na miaka mitatu baadaye utepe ukakatwa.

Wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu, unalipa pia. Kenya kila lita ya petroli na dizeli ina Sh25 ya matengenezo ya barabara ndani yake. Ilikuwa Sh18 hadi Julai 2024. Na kati ya hiyo Sh25, sehemu ishawekwa rehani ili kulipa madeni ya makontrakta ya miaka iliyopita. Sisemi kulipa madeni ni vibaya, kontrakta pia ana watoto. Nasema hii: hata kama huna gari unalipa, juu nauli ina mafuta ndani, unga una mafuta ndani, nyanya ya Kirinyaga ina mafuta ndani. Ni wangapi wetu tumewahi kuuliza hiyo Sh25 imelala wapi? Tuko na nguvu ya kulia kwa komenti za Iowa na hatujui risiti yetu inasema nini.

Cha tatu ni kitu kidogo mpaka utacheka: vibao. Usicheke. Barabara isiyo na jina moja ni barabara isiyo na mwenyewe.

Kuna barabara nyingine inapita Iowa, inaitwa Avenue of the Saints, yaani barabara ya watakatifu. Imepewa hilo jina kwa sababu inaunganisha miji miwili yenye majina ya watakatifu, St. Louis kule Missouri na St. Paul kule Minnesota. Shida yake ni kwamba haikujengwa kama barabara moja. Iliunganishwa kwa vipande vya barabara zilizokuwepo, kila kimoja na namba yake. Ndani ya Iowa peke yake inafuata US 218, inapanda I-380, inashika kipande cha hii hii US 20, inaingia US 18, halafu inamalizia na I-35. Sasa wewe ni dereva mgeni, usiku, theluji inaanguka, unaambiwa ubadilishe namba mara hizo zote? Utapotea kabla ya kufika nusu.

Wakafanya nini? Mwaka wa 2001 Iowa ikaipa yote namba moja, 27, na Missouri nayo ikatumia 27 upande wake. Namba za zamani hazikutolewa, ya mpya iliwekwa kando yake. Dereva anashika 27 na kusahau zingine. Mabati na nguzo tu, bei yake ukilinganisha na lami ni kama ya peremende, lakini ndiyo iligeuza vipande kuwa barabara.

Halafu kuna vile vibao vidogo vya kijani vya maili. Kwa US 20 vinahesabu kutoka mpaka wa magharibi wa jimbo, moja, mbili, tatu, hadi mwisho. Gari likipinduka katikati ya mahindi, mahali hakuna duka wala kanisa la kuelekeza, unasoma namba, unapiga simu, ambulensi inajua inakuja wapi. Hicho kibao kinaokoa mtu. Manze, fikiria vile sisi hueleza ajali: "ukipita ile petroli ya zamani, kuna mti, hapo mbele kidogo." Mtu anavuja damu na sisi tunatafuta mti.

Lakini nisiwapambie hawa watu. Barabara yao iko na makosa yake, na hayo pia tujifunze.

Sehemu nyingi za hizi barabara za njia nne za mashambani hazina madaraja kila makutano. Mkulima anayetoka barabara ya changarawe anasimama, anavuka njia mbili, anangoja katikati, kisha anavuka mbili zingine, na magari yanakuja kwa kasi ya kilomita 105 kwa saa. Hapo ndipo watu hugongwa ubavuni na kufa. Majimbo jirani, Missouri na Minnesota, yamejenga suluhu ambayo ni rahisi: huvuki moja kwa moja. Unakata kulia, unaenda mbele kidogo, unageuka kwa nafasi iliyotengwa, unarudi. Watu wengi huko wakiambiwa mara ya kwanza hulalamika ati wanazungushwa. Lakini ajali mbaya zimepungua. Kwa hivyo kupanua barabara bila kufikiria makutano ni kumpa dereva kasi na kumnyima mwenye kuvuka maisha.

Pia kuna vijiji vilivyorukwa. Barabara mpya ikipita nje ya mji, mkahawa wa pale kwa barabara ya zamani unabaki na viti. Na barabara ya zamani lazima mtu aitunze. Mwaka wa 2003 Iowa ilikabidhi kaunti na miji zaidi ya maili 700 za barabara kwa siku moja, tarehe 1 Julai. Mkikabidhiwa barabara, mnakabidhiwa na mashimo yake.

Ndio maana sikubaliani na wanaotaka kila barabara iwe na njia nne. Huko Marekani kuna aina inaitwa super two: njia mbili za kawaida, mabega mapana, na kila baada ya umbali fulani njia ya ziada ya kupita malori. Ni rahisi, inakula shamba dogo, inamalizika mapema. Iowa nao wamekuwa wakibishana kuihusu, juu kuna watu wanaona ukipewa super two umedharauliwa. Mimi nikiwa mkulima ningechukua. Bora njia tatu nikiwa hai kuliko njia nne za ahadi nikiwa kaburini. Nusu karne ni ndefu, na kila mwaka wa kungoja kuna mtu alijaribu kupita lori la mahindi akakutana uso kwa uso na mwingine.

So point yangu ni hii. Tukiendelea kutamani lami, tutaendelea kupewa lami ya msimu wa kura, ile inaoshwa na mvua ya Aprili. Lami ni kitu cha mwisho. Kabla yake kuna karatasi, na karatasi haina mwanga wala drone, haipati watazamaji. Hakuna mheshimiwa hukata utepe wa orodha. Hakuna kontena la fulana huletwa kusherehekea kibao cha maili. Lakini hivyo ndivyo vilibeba US 20 kupitia magavana wengi, kila mmoja akiachia mwenzake ilipofika, hadi ikaisha.

Kazi ya wiki hii ni rahisi na ni bure. Chagua barabara moja, ile inakupeleka ushago ama ile imekwama hapo kwenu miaka na miaka. Tafuta ni ya serikali kuu ama ni ya kaunti. Uliza iko kwa mpango wa mwaka gani, na imetengewa pesa ngapi. Ukijibiwa, weka jibu kwa komenti hapa tujenge orodha yetu. Usipojibiwa, weka pia, na uandike ulimuuliza nani na lini. Nitabandika zote juu, nisasishe kila mwezi.